Ping inajibu, lakini picha ya eksirei haifiki

Simu ilitoka chumba cha rekodi cha hospitali moja hapa Kampala, saa nne asubuhi. Mfumo mpya unafunguka, jina na nywila vinakubaliwa, lakini ukipakia picha ya eksirei, kile kiduara kinazunguka mpaka mtu anakata tamaa. Mafundi walikuwa wameshapima kwa ping, yaani kutuma ujumbe mdogo na kungoja jibu, na kila seva ilijibu upesi, kwa hiyo walishikilia kwamba mtandao ni mzima na kosa ni la walioandika programu.

Hospitali hiyo ilikuwa imejijengea wingu binafsi: seva chache zenye nguvu katika chumba chao wenyewe, na ndani yake mashine pepe, yaani kompyuta zilizoundwa kwa programu tu, zaidi ya ishirini. Kila mashine pepe ina kadi yake ya mtandao, nayo imechomekwa kwenye swichi, kiunganishi cha kompyuta, ambayo pia ni programu tu. Hakuna kebo ya kushika. Mashine ya mishahara na ile ya rekodi za wagonjwa huweza kulala ndani ya sanduku moja la chuma, na kinachozitenganisha ni mipangilio aliyoiandika mtu. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde, na hapa ulinzi huo unaanzia kwenye mipangilio hiyo.

Njia ya zamani ya kutenganisha ni VLAN. Kila pakiti, yaani kifungu kidogo cha data, hubandikwa namba ya mtandao wake, na nafasi ya namba hiyo ni biti 12: jumla 4096, ukiondoa mbili zisizotumika zinabaki 4094. Mwenye seva tatu katika chumba kimoja mimi humwambia waziwazi: baki na VLAN, inakutosha. VXLAN, njia mpya zaidi iliyochapishwa kama waraka wa kiufundi mwaka 2014, ina biti 24, yaani mitandao zaidi ya milioni 16, na inaweza kuunganisha mashine za Kampala na za Mbarara kana kwamba ziko kwenye swichi moja. Majukwaa mengi ya wingu huja nayo, kwa hiyo unaweza kujikuta unaitumia bila kuichagua.

Kazi yake inafanana na ya ofisi ya vifurushi vya basi. Boksi lako la kwenda Gulu haliandikwi upya. Linatiwa zima ndani ya gunia, na anwani inaandikwa juu ya gunia. Gunia la VXLAN lina unene wa baiti 50. Mtandao wa kawaida hupitisha pakiti isiyozidi baiti 1500, kipimo ambacho mafundi hukiita MTU. Boksi likijaa 1500, pamoja na gunia ni 1550, na mlangoni halipiti. Mara nyingi swichi hulitupa kimyakimya. Ping ya kawaida ni kiboksi kidogo kisichofika hata baiti 100, kwa hiyo inapita. Nywila nayo inapita. Picha ya eksirei hujaza maboksi mpaka pomoni.

Tukapima kwa ping iliyokatazwa kugawanywa: ping -M do -s 1472. Ukiongeza baiti 28 za vichwa, yaani anwani na maelezo yanayotangulia data, unapata 1500 kamili. Kimya. Tukashusha hadi 1422, ikajibu. Tofauti ni 50, unene wa gunia.

Dawa ni mbili: kushusha MTU ndani ya mashine pepe hadi 1450, au kuipandisha kwenye seva na swichi zinazobeba gunia, 1600 au hata 9000. Mimi huchagua ya pili, maana ya kwanza inadai ukumbuke kila mashine mpya. Ila swichi zote za njiani lazima zikubali, pamoja na ile kuukuu iliyosahaulika chini ya meza.

Tukiwa humo tuliona jambo lingine. Ukuta wa moto, yaani kichujio cha mawasiliano ya mtandao, ulikuwa getini tu, kama askari. Mashine mbili za seva moja zikizungumza, maneno yao huenda yasitoke nje ya seva kabisa, na askari hatayasikia. Kanuni ziwekwe kwenye kadi ya kila mashine pepe: nani anaruhusiwa kuiita, kwa mlango upi, na wengine wote wafungiwe. Kuhusu anwani, kila tawi lisijipe 192.168.1.0, kwa sababu siku ya kuyaunganisha matawi hayo anwani zitagongana. Familia ya anwani zinazoanza na 10 ina nafasi tele; igaweni mapema.

Wiki mbili baadaye umeme ulikatika, jenereta ikachelewa, seva zikazima. Zilipowaka, kiduara kikarudi kuzunguka. Fundi alikuwa ameipandisha MTU kwa amri ya papo hapo, na amri hiyo hufa seva ikizima. Safari hii tuliandika 9000 kwenye faili la mipangilio la kila seva, tukazizima na kuziwasha kwa makusudi Jumapili jioni, moja baada ya nyingine, kisha tukapima tena kwa 1472. Zikajibu zote.