Je, wajua kwa nini kranki ya Vespa ni mlango pia?

Mtu akitaka skuta yake ya Vespa aina ya PX iende kasi, kwanza hutafuta silinda kubwa. Silinda huonekana, na hata jirani aliyeketi barazani ataisifu. Kranki imejificha tumboni mwa injini, basi husahaulika. Mimi nasema anza na hiyo.

Kranki ndiyo chuma kizito kinachozunguka, na konrodi ni mkono unaoifunga na pistoni, kile chuma kinachopanda na kushuka ndani ya silinda. Kwenye Vespa PX, sahani moja ya kranki ina kazi ya pili: inapozunguka hupita juu ya tundu la kuingizia petroli na hewa kutoka kwa karbureta, ikiliziba na kulifungua. Chuma hicho ndicho mlango. Mwanya kati yake na tundu ni mdogo mno, na oili iliyochanganywa na petroli husaidia kuuziba.

Ndiyo maana zinauzwa kranki zilizokatwa sahani. Ukikata, mlango hukaa wazi muda mrefu zaidi, na injini ikiwa kwenye raundi za juu hushiba vizuri. Raundi zikiwa chini, mlango huchelewa kufunga. Pistoni inaposhuka huusukuma mchanganyiko urudi kwenye karbureta. Kwa mtu anayesota kwenye foleni ya feri ya Likoni au msongamano wa Kongowea hapa Mombasa, hiyo ni skuta ya kukohoa na kunywa petroli bure. Kranki iliyokatwa sana waachiwe wa mashindano. Tena, kikalio cha mlango huo ndani ya injini kikiwa kimekwaruzwa, kranki mpya haitatibu kitu mpaka kijazwe na kuchongwa upya.

Sasa urefu wa mwendo, yaani umbali ambao pistoni hupanda na kushuka. PX200 ina silinda yenye kipenyo cha milimita 66.5 na mwendo wa pistoni wa milimita 57, ndiyo hizo sisi (cc) 198 za ukubwa wa injini. Weka kranki ya mwendo wa milimita 60, utapata sisi 208. Kumi tu, lakini utazihisi ukipanda Mazeras na abiria nyuma, kwa sababu nguvu huja mapema. Ila pistoni itapanda milimita 1.5 zaidi na kushuka 1.5 zaidi, kwa hiyo lazima uweke kipande cha kuinulia, la sivyo itagonga kichwa cha silinda. Kikiwekwa chini ya silinda, matundu yote ya silinda ya kupitishia mchanganyiko na moshi hupanda nayo na injini huwa ya raundi za juu. Kikiwekwa kati ya silinda na kichwa, matundu hubaki pale pale. Kwa barabara za mjini mimi nachagua kukiweka juu, chini ya kichwa.

Konrodi ya PX200 ina milimita 110, ya PX125 na PX150 ni 105. Ndefu huinama kidogo, hivyo haiisukumi pistoni sana ubavuni mwa silinda. Lakini ukitoka 105 kwenda 110, silinda nayo iinuliwe milimita 5.

Hapa usifanye ubahili. Pistoni na pini yake zikiwa na gramu 250, kwenye raundi 6,000 kwa dakika konrodi huvutwa kwa uzito wa kama kilo 360 pistoni ifikapo juu kabisa. Kwenye raundi 8,000 ni karibu kilo 640, na hayo hutokea mara 133 kila sekunde. Kranki yenyewe ni vipande vilivyobanwa pamoja kwa presi. Nguvu ikizidi, vinaweza kujipinda kwenye pini ya kranki inayoviunganisha. Kwa injini kali, fundi huinyoosha kwanza kisha huchomelea pini hiyo.

Ukipata kranki iliyotumika, kumbuka bahari ilivyo karibu. Injini iliyolala miezi kadhaa kwenye hewa yetu ya chumvi huweza kushika kutu kwenye beringi ya chini ya konrodi, na kutu hiyo huacha vishimo. Ishike konrodi uivute juu na chini: isicheze hata kidogo. Kucheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida. Kisha izungushe polepole kwa kidole. Ukihisi mikwaruzo, irudishe kwa mwenyewe.