Land Rover ni ya nani? Wenye mali waliopita na injini walizoacha

Ukitafuta pikapu ya Land Rover iliyotumika hapa Mbeya, uliza ni gari la nani uone. Mmoja atakwambia la Mwingereza, wa pili ataapa kwamba injini ni ya Mjerumani, na wa tatu atakwambia lilishauzwa kwa Wahindi zamani. Sisi tunaofundisha ufundi wa magari tunaletewa mabishano hayo mara kwa mara, na jibu letu ni swali: limetoka kiwandani mwaka gani? Mwenye mali, yaani aliyeimiliki kampuni wakati huo, ndiye aliyeamua injini ipi ifungwe, na injini ndiyo itakayokwambia kama spea utaipata Mwanjelwa leo au utaiagiza na kusubiri wakati viazi vinaharibika Makete.

Gari lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Vita vilikuwa vimeisha, Uingereza ikigawa chuma kwa mgao, lakini alumini ilipatikana. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, akaunda gari la shamba lenye bodi ya alumini juu ya chasisi ya chuma. Nia ilikuwa kuliuza kwa miaka michache tu, hadi magari madogo ya kampuni yapate soko tena. Pikapu ndefu ikafuata katikati ya miaka ya 1950, kwanza ikiitwa 107, kisha 109. Namba hizo ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ile 110 iliyokuja 1983 ndiyo iliyoacha springi za vyuma bapa na kufunga za koili.

Hapo kwenye alumini na chuma ndipo wanunuzi wengi huumizwa. Alumini haili kutu kama chuma, kwa hiyo gari lililozeeka kwenye mvua za Tukuyu linaweza kung'aa juu huku chasisi ikiwa imeliwa kutokea ndani. Usitazame rangi ya chini, maana rangi nyeusi nzito hufunika mengi. Chukua nyundo ndogo, lala chini ya gari, ugonge chasisi kuanzia nyuma ambako matope hukaa. Chuma kizima kitalia. Kilichooza kitatoa sauti nzito, au nyundo itazama.

Turudi kwa wenye mali. Mwaka 1967 Rover ilinunuliwa na Leyland, watengenezaji wa malori na mabasi, na mwaka uliofuata ikaundwa British Leyland, kampuni kubwa iliyojaa migogoro. Ilipofika 1975 ilikuwa inazama, serikali ya Uingereza ikaichukua. Land Rover ilikuwa inaingiza faida, lakini fedha nyingi zikaishia kuziba matundu ya magari mengine. Kwa maoni yangu hapo ndipo Afrika ilipopotea: Toyota walikuwa wanaleta Land Cruiser na Hilux, na Mwingereza hakuwa na fedha za kujibu. Mwaka 1986 General Motors ya Marekani ilitaka kuinunua, wanasiasa wakapiga kelele, mpango ukafa. Miaka miwili baadaye serikali ikaiuzia British Aerospace, watengenezaji wa ndege. Ndani ya kipindi hicho ikatoka injini ya 200Tdi. Mdogo wake, 300Tdi, alikuja 1994, mwaka ambao BMW wa Ujerumani walinunua kampuni nzima. Injini hizi mbili hazina kompyuta, na fundi wa kijijini mwenye spana nzuri anazimudu. Ukiniuliza mimi, pikapu ya kwenda Ludewa masika ni hiyo.

Injini ya Td5 ilitoka 1998, enzi za BMW, na ndiyo chanzo cha maneno ya "injini ya Mjerumani". Si kweli. Iliundwa na Rover wenyewe. Injini halisi ya BMW ilifungwa kwenye Defender (jina ambalo 110 na wenzake walipewa baadaye) za petroli za lita 2.8 zilizouzwa Afrika Kusini. Td5 husimamiwa na kompyuta, na ina ugonjwa mmoja unaojulikana: oili hupenya kwenye nyaya za nozeli ndani ya injini na kutambaa taratibu hadi kwenye kompyuta. Gari likianza kukatakata, fungua chini ya kiti cha mbele, chomoa plagi nyekundu ya kompyuta. Ukikuta imelowa oili, safisha na ubadilishe nyaya hizo kwanza, kabla hujakubali kuuziwa kompyuta.

BMW waliiuza Land Rover kwa Ford mwaka 2000. Mwaka 2007 Defender ikapewa dizeli ya lita 2.4 kutoka Ford Transit. Injini hiyo ni ndefu kwenda juu, ikabidi boneti iwekwe nundu katikati, kwa hiyo gari hilo utalitambua ukiwa ng'ambo ya barabara. Ford hawakukaa nalo. Juni 2008 waliziuza Jaguar na Land Rover kwa pamoja kwa Tata Motors ya India, kwa dola za Marekani bilioni 2.3 hivi. Lakini injini za Ford ziliendelea kufungwa, baadaye zile za lita 2.2, hadi Defender ya zamani ilipofikia mwisho kwenye kiwanda cha Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016. Defender mpya inaundwa Slovakia, na haina toleo la pikapu.

Kwa hiyo pikapu unazooneshwa leo zote ni za mkononi, na si ajabu kukuta nyingine imefungwa injini ya Isuzu au Toyota. Kabla ya kutoa hela, safisha chasisi upande wa kulia mbele, karibu na inaposhika springi, usome namba iliyogongwa pale. Za kuanzia miaka ya 1980 huanza na SAL. Ilinganishe na kadi ya gari, kisha fanya hivyo hivyo kwa namba ya injini. Zisipolingana, mwenye gari aende kwanza TRA arekebishe kadi, ndipo mzungumze bei.