Bomba la kwenye muvi na bomba la nyumbani kwako, presha wameiweka pasipo presha

Kuna sini moja komedi za Wamarekani zimeirudia mpaka imechakaa, baba mwenye nyumba anajifanya fundi, anajilaza chini ya sinki na spana, anafungua nati moja tu, mara maji yamemvaa usoni na dari yote imelowa. Tumeikariri hivyo, sinki likivuja kidogo tu mtu anaogopa hata kuligusa anasubiri fundi wiki nzima.

Sasa ukweli ni huu, chini ya sinki kuna mabomba ya aina mbili na muvi zinayachanganya. Kuna ile mipira miwili membamba inayopeleka maji kwenye koki, hiyo ina presha, ukiifungua bila kufunga valvu kwanza utalowa kweli hamna wa kukutetea. Afu kuna lile bomba nene la plastiki lililojikunja, mafundi wanaliita trapu, lile linatoa maji machafu na yanashuka yenyewe kwa uzito wake, presha hamna kabisa. Ukilifungua unapata maji kidogo yanayonuka, na punje za wali, na mafuta yaliyoganda, weka ndoo chini basi yameisha. Angalia vizuri hizo sini uone, mara nyingi jamaa kashika lile nene na ndo linalorusha maji mpaka juu, labda kuna mtu kafunga pampu kwenye maji taka huko nje.

Trapu hiyohiyo ndo inayokanusha stori ya pete. Kwenye muvi pete ya ndoa ikidondoka kwenye sinki ndo imeenda moja kwa moja, au nyumba inabomolewa kuitafuta. Lile bomba limekunjwa makusudi libaki na maji muda wote ili harufu ya karo isipande ndani, na kitu kizito kama pete mara nyingi kinakaa palepale kwenye mkunjo. Funga koki haraka maji yasiisukume mbele, fungua trapu juu ya ndoo, chukua pete yako.

Na hata bomba la maji safi likipasuka, yatarukaje inategemea yanatoka wapi. Nyumba nyingi za huku kwetu zinakula maji ya tanki la juu. Kila mita 10 za kimo zinakupa kama baa 1 ya presha (baa ndo kipimo chake), kwa hiyo tanki likiwa mita 4 juu ya koki una kama baa 0.4 tu, na maji hayawezi kuruka kupita usawa wa maji yaliyomo kwenye tanki lenyewe. Kule Marekani laini ya mtaani inaingia ndani moja kwa moja, baa 3 mpaka 5 ni kitu cha kawaida, so bomba la kule likipasuka kwa kweli ni balaa, hapo muvi siwalaumu sana. Ila kama na wewe umefunga pampu ya kuongeza presha, au maji ya mamlaka yanaingia ndani bila kupita tanki, jihesabu upande wao. Ijue valvu kuu iko wapi kabla ya siku yenyewe.

Choo nacho wamekisingizia. Eti kikiziba kinafoka mpaka maji yanashuka ngazi. Ukiflash mara moja kinachoongezeka ni maji ya tanki lake tu, vyoo vipya vya Marekani ni lita 6 hivi tangu sheria yao ianze kutumika 1994, vya zamani vina zaidi. Kinachomwaga maji sakafuni ni ile flash ya pili, mtu anaona yamepanda anasema ngoja nijaribu tena, jamani usijaribu tena! Fungua mfuniko wa tanki, nyanyua floti, lile boya linaloelea, kwa mkono, maji yanaacha kuingia hapohapo.

Ile ya mtu kupiga kelele bafuni kwa sababu mwingine kaflash choo, hiyo ni kweli. Choo kinavuta maji ya baridi, anayeoga anabakiwa na ya moto. Nyumba mpya za kule zina mikisa, yani koki ya kuchanganya maji ya moto na ya baridi, inayosawazisha presha, siku hizi haiwaumizi sana. Sisi wa shawa za umeme tunaipata kivyake, maji yakipungua yanapita taratibu kwenye koili yanazidi kuwa moto, yakipungua zaidi shawa inajizima, unabaki na povu kichwani.

Wale wachekeshaji wa Marekani, Three Stooges, kwenye filamu yao ya 1940, A Plumbing We Will Go, waliunga maji kwenye mabomba ya nyaya za umeme, maji yakatoka kwenye jiko na kwenye taa. Kichekesho, lakini cha taa sio mbali na ukweli, bomba likivuja ghorofani maji yanafuata tundu la kwanza yanalolipata darini na tundu lenyewe mara nyingi ni la taa. Ukiona taa inadondosha maji zima umeme kwenye meni swichi kwanza, ndoo baadaye.

Ila kinachokula hela ya watu wengi hakina sini kabisa kwa sababu hakionekani. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde inamwaga kama lita 20 kwa siku. Choo ndo kibaya zaidi maana kinavuja kimyakimya maji yanateleza ndani ya bakuli hata huyaoni, bili inakuja unagombana na wapangaji. Tia rangi ya chakula kwenye tanki la choo, kaa nusu saa bila kuflash, ukikuta rangi imeshafika kwenye bakuli basi raba ya chini ya tanki imechoka, kanunue nyingine hadwea.