Lenzi za 110 zilisingiziwa

Mtajie mpiga picha yeyote mkongwe wa Nairobi filamu ya 110, atacheka. Atakumbuka kamera nyembamba za miaka ya sabini na themanini, zile za kutia mfukoni, na picha za harusi zenye chengachenga ambazo hata bibi harusi mwenyewe humtambui. Kodak waliitoa mwaka 1972 ili kumrahisishia kazi mtu wa kawaida: unatumbukiza kaseti ya plastiki, unafunga kifuniko, unapiga. Bei ya urahisi huo ilikuwa fremu ya milimita 13 kwa 17, karibu robo tu ya eneo la fremu ya filamu ya milimita 35. Ukiikuza ifike ukubwa wa kadi, chembe za filamu nazo zinakua. Tena kaseti haikuwa na bati la kuikandamiza filamu ikae bapa, kwa hiyo filamu ilikuwa na nafasi ya kujipinda kidogo, fokasi ikaharibika kabla hata hujasema "cheka".

Lawama zote zikaangukia kamera na lenzi. Mimi ni fundi wa kamera hapa mjini, na nasema lenzi zilisingiziwa. Sizisemei zote, maana kamera nyingi za 110 zilikuwa na kilenzi duni cha plastiki kisichotoka. Nazungumzia za Pentax.

Mwaka 1978 Pentax walitoa Auto 110, kamera ya refleksi kamili, yenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha, lakini ndogo ya kuenea kiganjani. Ilianza na lenzi tatu: milimita 18, 24 na 50 (namba ndogo huona upana, kubwa huvuta karibu). Baadaye zikaja ya 70 na zumu ya 20 hadi 40. Zote ni f/2.8, namba ya kiasi cha mwanga unaopita: ikipungua, mwanga huongezeka. Ile ya 24 ni ndogo kiasi kwamba filta yake ina kipenyo cha milimita 25.5, na ukiidondosha kwenye zulia utapiga magoti kuitafuta.

Mwaka 2008 Olympus na Panasonic wakaleta mfumo wa kamera za dijitali wa Micro Four Thirds, wenye kihisi cha mwanga cha milimita 17.3 kwa 13. Rudi juu kidogo usome tena vipimo vya fremu ya 110. Ni karibu sawasawa!

Ndiyo maana, kwa kuzifunga kwenye kamera hizo za dijitali, nazipenda kuliko lenzi nyingine za zamani. Ukichukua lenzi ya milimita 50 ya kamera ya filamu ya kawaida ukaiweka kwenye kihisi hiki, unapata kipande cha katikati tu na inakuwa kama lenzi ya 100. Upana wote ulioulipia unapotea. Lenzi ya 110 haipotezi kitu. Ile ya 24 inaona vilevile ilivyoona siku ilipotoka kiwandani, yaani kama 50 kwenye filamu ya milimita 35. Ile ya 50 inakuwa ya sura za watu, na ya 18 inatosha barabara na chumba.

Kuifunga si kazi. Kwenye Auto 110, kutoka uso wa kifungio cha lenzi hadi kwenye filamu ni milimita 27. Kwenye Micro Four Thirds ni 19.25. Tofauti hiyo ya milimita 7.75 ndiyo unene wa adapta, pete tupu isiyo na kioo wala nyaya. Kwenye menyu ruhusu kamera ipige bila lenzi, maana haitajua kuna kitu mbele yake. Kama ina kitulizi cha mtikisiko, iambie mwenyewe namba ya milimita ya lenzi, kama 24 au 50. Fokasi ni ya mkono. Kuza picha kwenye skrini uone kope za mtu.

Sasa tatizo, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Lenzi hizi hazina tundu la kufungua na kubana ili kuongeza au kupunguza mwanga. Pentax waliliweka ndani ya kamera, nyuma ya lenzi, likifanya kazi pamoja na shata, pazia linalofunguka kupitisha mwanga. Ukiing'oa lenzi umeliacha tundu kule. Kwenye kamera ya dijitali uko f/2.8 milele.

Ndani ya nyumba au jioni, sawa. Lakini jua la Nairobi saa saba mchana halina mzaha. Piga hesabu ya kawaida ya jua kali: ISO 200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/16, shata 1/200 ya sekunde. Kutoka f/16 hadi f/2.8 ni hatua tano, kila hatua ikizidisha mwanga mara mbili, kwa hiyo unahitaji 1/6400. Shata za chuma za kamera nyingi ndogo huishia 1/4000. Picha inaungua, na shati jeupe la kondakta linakuwa shimo jeupe.

Shata ya kielektroniki huenda kasi zaidi, ila husoma kihisi mstari kwa mstari. Piga matatu ikikata kona Mtaa wa Tom Mboya uone: basi zima limelala upande, na zile taa zake za mbwembwe zimeacha mistari. Kwa watu waliosimama haina shida. Dawa nyingine ni filta ya giza ya kupunguza hatua tatu, inayokurudisha 1/800. Kwa lenzi ya 24 utahitaji pete ya kupandishia kipenyo kwanza, kwa sababu filta za 25.5 ni za kuwinda.

Mimi hupenda karatasi. Kata kiduara cha karatasi nyeusi ngumu, kitoboe katikati, ukiweke ndani ya adapta nyuma ya lenzi, mahali tundu la asili lilipokuwa. Tobo liwe duara safi. Mkasi unaacha nyuzi na nyuzi zinaonekana kwenye duara za taa usiku. Nenda kwa fundi viatu, ana kitoboleo cha mikanda chenye saizi kadhaa. Usihesabu kipenyo kwa kugawa milimita 24 kwa 5.6, maana nyuma ya lenzi mwanga umeshaanza kubanwa. Toboa saizi mbili tatu, linganisha mwendo wa shata ambao kamera inakupa, uandike namba kwenye kila karatasi. Pembe za picha zikiwa nyeusi, karatasi iko mbali mno na lenzi.

Ukiwa umeifungua adapta, itazame kwa ndani. Za bei rahisi zinang'aa, na mng'ao huo hupausha picha yote. Rangi nyeusi isiyong'aa inatosha.

Katika kununua una nafuu moja: hakuna majani ya tundu ya kugandishwa na mafuta, ugonjwa ninaoutibu kila wiki kwenye lenzi kubwa. Mulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma utafute nyuzi za kuvu, hasa kama mzigo umetoka Pwani. Zungusha pete ya fokasi mwisho hadi mwisho. Ikiwa nzito, grisi imekauka na inasafishika. Kamera yenyewe ikiwa imekufa usijali, itumie kupunguza bei. Anza na ya 24 na ya 50. Zumu mwachie mkusanyaji.