Kipi kipimwe kwanza? Entropia na hesabu ya kutojua

Pampu ya kisima kirefu imegoma. Swichi iko juu, mlio hakuna, na bombani halitoki hata tone. Fundi ana washukiwa wanne kichwani: umeme haufiki kwenye boksi la kuwashia, kapasita (kifaa kinachotunza chaji ya kuiwasha mota) imekufa, maji kisimani yameshuka hadi kinga ya pampu ikakata umeme, au mota yenyewe imeungua huko chini. Hapo haulizi kilichoharibika ni kipi, maana hajui bado. Anajiuliza apime nini kwanza. Swali hilo lina jibu la namba, na namba yenyewe inaitwa entropia.

Neno hili lilitungwa na mwanafizikia Mjerumani Rudolf Clausius mwaka 1865 kwa ajili ya fizikia ya joto. Mwaka 1948 Claude Shannon, aliyekuwa mtafiti wa maabara za Bell huko Marekani, akalitumia kupima kitu kingine: kiasi cha kutojua. Waliofundishwa shuleni kwamba entropia ni "vurugu" waiweke kando tafsiri hiyo kwa sasa, kwa sababu hapa inachanganya kuliko inavyosaidia. Ichukulie entropia kuwa ni takriban wastani wa maswali ya ndiyo au hapana yanayohitajika kulifikia jibu, kama muulizaji anauliza kwa akili. Hupimwa kwa biti: biti moja ni swali moja la ndiyo au hapana ambalo majibu yake mawili yana uwezekano sawa.

Kuikokotoa si kazi. Kwa kila jibu linalowezekana, chukua uwezekano wake, tafuta logi ya 1 gawanya kwa uwezekano huo, kwa kizio cha 2, kisha zidisha kwa uwezekano wenyewe. Jumlisha zote. Kama kikokotoo chako kina logi ya kizio cha 10 tu, gawanya jibu la logi kwa 0.301.

Turudi kisimani. Tuseme daftari la matengenezo linaonyesha kwamba pampu ikigoma, nusu ya mara tatizo huwa ni umeme, robo ni kapasita, moja ya nane ni maji kushuka, na moja ya nane ni mota. Umeme unachangia 1/2 mara 1, yaani 0.5. Kapasita ni 1/4 mara 2, tena 0.5. Maji na mota kila kimoja ni 1/8 mara 3, yaani 0.375. Jumla ni biti 1.75. Kama daftari lisingekuwepo na washukiwa wote wanne wangehesabiwa sawa, tungepata biti 2 kamili. Ile robo ya biti iliyopungua ni kazi ya daftari, kabla fundi hajafungua mkoba wa vifaa.

Sasa vipimo. Kupima volteji kwenye boksi kwa multimita huchukua dakika tano na kunagawa uwezekano nusu kwa nusu. Volteji ikikosekana, jibu limepatikana na shaka imebaki sifuri. Ikiwepo, wamebaki washukiwa watatu wenye 1/2, 1/4 na 1/4, na entropia yao ni 1.5. Wastani wa shaka itakayobaki ni 0.75, kwa hiyo kipimo hiki kinatoa biti 1 nzima. Linganisha na kuvuta pampu juu ili kuikagua mota: kazi ya saa kadhaa, watu watatu au wanne, na mabomba ya kufungua moja moja. Kinaondoa biti 0.54 tu, kwa sababu uwezekano mkubwa, saba kwa nane, ni kwamba mota utaikuta nzima na hutajua lililobaki ni lipi. Biti moja kwa dakika tano, au nusu biti kwa nusu siku. Mafundi wazuri walijua hili zamani bila logi yoyote. Faida ya hesabu huonekana washukiwa wanapokuwa arobaini badala ya wanne. (Kabla ya kugusa kapasita, zima umeme na uitoe chaji. Kapasita hushika chaji hata baada ya swichi kuzimwa.)

Mpaka hapa tumedhani kipimo hakidanganyi. Kinadanganya. Multimita ya dijitali haivuti mkondo wa maana, kwa hiyo kiungo cha waya kilicholegea au kilichoshika kutu kitaonyesha volti 230 safi kabisa, halafu volteji itaporomoka mara tu mota inapojaribu kuwaka. Tuseme kipimo chako husema kweli mara tisa kwa kumi, iwe umeme upo au haupo. Wengi wangedhani kimebaki na asilimia 90 ya thamani yake. Hesabu inasema vingine: uwezekano wa 0.9 na 0.1 una entropia ya biti 0.469, na hiyo yote inakatwa kwenye ile biti moja. Unabaki na 0.531. Kosa moja kwa kumi limekula karibu nusu ya taarifa. Na kurudia kipimo kilekile kwa namna ileile hakusaidii, kwa sababu kiungo kibovu kitadanganya tena vilevile. Pima huku mtu mwingine akiwasha pampu, yaani waya ukiwa na mzigo, na kosa hilo litajitokeza.

Kosa la pili liko kwenye daftari lenyewe. Rekodi zikiwa chache, entropia inayotokana nazo kwa wastani huwa ndogo kuliko ilivyo kweli, na mhandisi anajiona ana uhakika asiokuwa nao. Marekebisho yanayojulikana kwa majina ya Miller na Madow ni rahisi: chukua idadi ya aina za hitilafu, toa moja, gawanya kwa mara mbili ya idadi ya rekodi, kisha zidisha kwa 1.443 ili upate biti. Aina sita za hitilafu na rekodi kumi na mbili zinakupa 5/24 mara 1.443, yaani biti 0.3 za kuongeza. Si kidogo. Hata hivyo fomula hiyo haitaokoa hitilafu ambayo haijawahi kuandikwa. Radi haimo daftarini kwa sababu haijapiga bado, na kuipa uwezekano wa sifuri ni kuifuta kwenye hesabu zote zitakazofuata.

Kuna jambo ambalo entropia hailioni kabisa: ukubwa wa madhara. Tangi ambalo ama lina lita 10 ama lita 20, nusu kwa nusu, lina shaka ya biti 1. Tangi la lita 10 au lita 10,000 lina biti 1 ileile. Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi thamani zinavyosambaa kuzunguka wastani, ungekuonyesha tofauti, entropia haitaonyesha. Kwa majibu yasiyo na mpangilio, kama aina za hitilafu, entropia ndiyo inayofaa. Kwa kiasi cha maji, tumia vyote viwili.

Maabara za ugezi, yaani sayansi ya vipimo, hukutana na entropia kwa mlango mwingine. Mwongozo wa kimataifa wa kueleza shaka ya vipimo, kwenye nyongeza yake ya mwaka 2008, unafuata kanuni iliyopendekezwa na mwanafizikia Edwin Jaynes mwaka 1957: ukijua mambo machache tu, chagua mtawanyo (yaani namna uwezekano unavyogawanywa kwa thamani mbalimbali) wenye entropia kubwa kuliko yote inayokubaliana na unayoyajua, ili usijipe ujuzi usiokuwa nao. Ukijua mipaka miwili tu, mtawanyo huo ni bapa, yaani kila thamani kati ya mipaka hiyo ina uwezekano sawa. Kipimajoto kinachoonyesha hadi nyuzi 0.1 kina nafasi ya nyuzi 0.05 kila upande wa namba inayosomeka, gawanya 0.05 kwa kipeuo cha pili cha 3, na shaka sanifu (shaka iliyoandikwa kama mkengeuko sanifu) itokanayo na onyesho ni nyuzi 0.029. Ukijua wastani na mkengeuko sanifu tu, mtawanyo huo ni ule wa kengele.

Kwenye vipimo vya namna hii, vyenye thamani zisizokatika, namba ya entropia peke yake haina maana. Urefu wenye mtawanyo wa kengele na mkengeuko wa milimita 1 una entropia ya biti 2.05. Uandike kwa mita, kipimo kilekile kinageuka kuwa biti −7.92. Hakuna kosa hapo. Kilichobadilika ni rula. Kinachobaki vilevile kwa rula yoyote ni tofauti: kila mkengeuko unapopungua kwa nusu, biti 1 imeondoka. Na kuupunguza kwa nusu kwa njia ya kuwastanisha usomaji kunahitaji usomaji mara nne. Biti ya kwanza ni usomaji 4, ya pili 16, ya tatu 64. Ukifika ya kumi, umesoma rula mara 1,048,576, na kama rula yenyewe ilichapwa fupi, hakuna hata usomaji mmoja kati ya hizo uliokuambia.