Mtaji wa mzunguko: pesa iliyolala ukutani

Juzi tumekaa barazani baada ya alasiri, fundi mmoja kijana akaniuliza: "Ami, nina kazi tatu mkononi na zote zina faida. Mbona leo sina hata pesa ya gunia moja la saruji?" Hesabu zake nilizipitia na hazikuwa na kosa. Faida ilikuwepo kweli. Kilichokosekana ni kitu kingine, na mafundi wengi hapa Amu, yaani Lamu, tunakijua kwa maumivu kabla ya kukijua kwa jina: mtaji wa mzunguko.

Mtaji wa mzunguko ni pesa inayokuwezesha kuendelea na kazi kati ya siku unayotoa na siku unayolipwa. Hauhusiani na pesa ya kununua ngazi, jukwaa au mashua, kwa kuwa vitu hivyo unavinunua mara moja na vinakaa miaka. Pesa ya mzunguko inatoka, inageuka mawe, chokaa na ujira, inalala ukutani wiki kadhaa, kisha inarudi kuwa pesa. Ikisharudi, unaitoa tena kwa kazi nyingine.

Fundi wa kulipwa kwa siku haimhusu sana. Anafanya kazi, jioni anapokea chake, anakwenda nyumbani. Siku anayomwambia mwenye nyumba "niachie mimi yote, vifaa na kazi", hapo ndipo amekuwa mkandarasi, na kuanzia saa hiyo yeye ndiye anayemkopesha mwenye nyumba, hata kama hakuna aliyetamka neno mkopo.

Kwetu mkopo huu huwa mrefu kuliko kwingine. Saruji ya Amu inakuja kwa lori hadi Mokowe, inashushwa gatini, inapakiwa mashuani, inavuka, inashushwa tena, kisha inaingia vichochoroni kwa punda au kwa mabega ya hamali. Kila mkono unaoigusa unataka pesa taslimu siku hiyo hiyo. Boriti za mikoko huuzwa kwa korija, ishirini ishirini, na muuzaji hangoji paa lako likamilike. Chokaa ndiyo hasa. Inachomwa, inazimwa kwa maji, na ikiwa unataka lipu itakayodumu unailoweka siku nyingi kabla ya kuigusa. Baadaye kila koti la lipu lina siku zake za kukauka, na ukiliharakisha linapasuka. Maana yake ni kwamba nyumba ya chokaa na nyumba ya saruji zinaweza kukupa faida sawa, lakini ya chokaa inazuia pesa yako muda mrefu zaidi. Juu ya hayo, Mji wa Kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na kubadilisha nyumba humo kunataka idhini. Ukinunua boriti kabla idhini haijatoka, pesa yako imekwenda kulala mapema.

Nichukue kazi moja tuihesabu pamoja. Umekubaliana na mwenye nyumba shilingi 600,000 kubadilisha dari na kupiga lipu vyumba vitatu, wiki 9. Vifaa pamoja na usafirishaji ni 210,000, na vyote vinanunuliwa wiki ya kwanza. Mafundi wawili na wasaidizi watatu wanakula 30,000 kwa wiki, jumla 270,000. Gharama yote 480,000, faida 120,000. Kazi nzuri.

Malipo mmepanga hivi: arubuni, yaani pesa ya kutanguliza kabla kazi haijaanza, 180,000, kisha 240,000 dari likikamilika mwisho wa wiki ya tano, na 180,000 ya mwisho kazi ikiisha. Sasa fuata tarehe. Wiki ya kwanza ikiisha umetoa 240,000 na umepokea 180,000, kwa hiyo 60,000 imetoka mfukoni mwako. Kila Alhamisi unalipa ujira, shimo linazidi. Mwisho wa wiki ya tano, kabla ya kulipwa, umetoa 360,000 na umepokea 180,000 tu. Shimo lako ni 180,000, na hicho ndicho kipimo cha mtaji wa mzunguko wa kazi hii. Tazama vizuri: ni kikubwa kuliko faida yenyewe. Malipo ya pili yakiingia unapumua, una 60,000 juu, halafu wiki nne zilizobaki zinakurudisha chini 60,000. Mwenye nyumba akisema "ngoja kidogo" mwisho wa kazi, umemaliza, mafundi umewalipa wote, ukuta unang'aa, na wewe umo ndani ya deni.

Hiyo ni kazi moja. Kazi mbili za aina hiyo zikienda pamoja, shimo ni 360,000. Tatu, 540,000. Hapa ndipo ninapotaka msomaji anielewe zaidi ya popote: biashara inayokua inakula pesa taslimu. Fundi mwenye kazi chache hulala njaa kwa kukosa kazi, lakini mwenye kazi nyingi bila mtaji wa mzunguko hukwama huku watu wakimpongeza. Na kazi zetu hazijigawi sawasawa mwaka mzima. Wenye hoteli na nyumba za wageni za Shela wengi wanataka ukarabati kati ya Aprili na Juni, wageni wakiwa wachache, na wakati huo huo ndio mvua za masika zinazochelewesha chokaa kukauka. Mashimo yote yanachimbika kwa mpigo.

Mimi yalinikuta. Mwaka mmoja nilishika kazi mbili Mkomani na moja Shela. Wa Shela akachelewa kunilipa, wa pili boriti zake zikahitajika, na mkononi nilikuwa na arubuni ya yule wa tatu. Nikaitumia. Nilijiambia nitairudisha baada ya wiki moja. Mwenyewe alipokuja kuangalia nyumba yake alikuta chumba kitupu, hakuna jiwe, hakuna hata tenga la mchanga. Hakunipigia kelele. Alisimama mlangoni, akatazama ndani, akasema, "Haya, fundi," akaondoka. Nilimaliza kazi yake kwa kuchelewa sana, na hajaniita tena hadi leo. Tangu siku hiyo arubuni kwangu ni amana mpaka igeuke vifaa vya mwenye kuitoa, na kila kazi ina bahasha yake.

Kupunguza shimo kunawezekana, na njia yenye nguvu kuliko zote haikugharimu hata senti: panga upya hatua za malipo. Kazi ile ile, bei ile ile 600,000, lakini arubuni iwe 240,000, kisha 120,000 mwisho wa wiki ya tatu, 120,000 mwisho wa wiki ya sita, na 120,000 kazi ikikamilika. Wiki ya kwanza unatoka sawa kabisa. Shimo la chini kabisa ni 60,000, wiki ya tatu kabla ya kulipwa. Na wiki ya tisa ikiisha umefika sufuri, kwa hiyo malipo ya mwisho yote ni faida yako. Yakichelewa yatakuuma wewe, lakini hakuna fundi wala mwenye duka anayekudai.

Njia nyingine ni mwenye nyumba anunue vifaa mwenyewe. Unapoteza ile faida ndogo ya vifaa, lakini shimo linakaribia kufutika, na kwa anayeanza naona ni bei ya haki. Dukani unaweza kupewa mali kauli, ulipe baadaye, ikiwa umejenga uaminifu. Uliza tu kama bei ya kauli ni sawa na ya taslimu. Kwa sisi tunaokwepa riba kuna benki za Kiislamu zinazofanya murabaha: benki inanunua vifaa, inakuuzia kwa bei inayojulikana tangu mwanzo, unalipa kwa awamu.

Zabuni za kaunti zinavutia, na sheria imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Jisajili na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, daraja la 8 ndilo la chini. Lakini kazi hizo ndogo kwa kawaida hulipwa baada ya kukaguliwa. Bila arubuni, shimo la kazi yetu ya mfano linakuwa 480,000 nzima, pamoja na miezi ya kungoja. Usiiguse kabla ya kuwa na pesa hiyo mahali.

Siku hizi hesabu hii ninaiandika kwenye daftari, safu ya tarehe, safu ya kutoka, safu ya kuingia, na ninaionyesha kwa mwenye nyumba kabla hatujapeana mikono. Mama mmoja wa Langoni alivaa miwani yake akaipitia mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Akafika chini. "Kwa hiyo hii ya mwisho ndiyo yako wewe, mwanangu?" Nikamwambia, "Naam, mama. Hizo nyingine zote ni za nyumba yako." Akaingia ndani, akarudi na arubuni imefungwa kwenye kitambaa, akaihesabu mara mbili mbele yangu.