Costa Rica si ya wenye fedha nyingi tu

Wasafiri wengi wanaobeba begi mgongoni na kuhesabu kila senti huiruka Costa Rica. Wamesikia ni ghali kuliko jirani yake Nicaragua, wakaamua kwamba haimfai mwenye fedha kidogo. La kwanza ni kweli. La pili si kweli, na inasikitisha kuona watu wakiikosa nchi nzuri hivyo.

Kinachomaliza fedha ni mabasi madogo ya watalii na migahawa yenye menyu ya Kiingereza. Wenyeji hawaishi hivyo. Wao hula kwenye "soda", ambayo kule si kinywaji bali ni mgahawa mdogo wa kifamilia, kama kwa mama lishe. Agiza casado: wali, maharage, saladi, ndizi za kukaanga na kipande cha nyama au samaki, vyote sahani moja. Ukifika Limón, upande wa Karibi, wali na maharage hupikwa kwa tui la nazi. Mtu wa Tanga au Mombasa atajiona yuko kwao.

Safari fupi na ndefu, panda basi la umma. San José, mji mkuu, haina stendi kuu moja, kampuni nyingi zina vituo vyake, hivyo uliza mapema. Maji ya bomba ni salama sehemu nyingi.

Na bahari? Sheria ya mwaka 1977 inazifanya mita 50 za mwanzo za ufuo kuwa za umma, hata mbele ya hoteli ya kifahari.